Mtindo wako wa uongozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na viongozi wapya wa vikundi na timu ndogo

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekabidhiwa watu: mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, msimamizi wa zamu kiwandani, mwalimu aliyepewa idara, katibu wa kwaya, nahodha wa timu ya mtaa. Maswali yaliyomo ndiyo ambayo watu hawa huyarudia, mara nyingi kikao kikishafungwa na wamebaki wawili watatu. Si lazima usome kwa mpangilio. Pale jibu moja linapotegemea jingine, nimekuelekeza pa kwenda.

## Mambo ya msingi

1. Mtindo wa uongozi ni nini hasa?

Ni namna unavyofanya mambo manne kila siku bila hata kufikiri: unavyoamua, unavyosikiliza, unavyotoa habari, na unavyomkabili mtu aliyekosea. Walio karibu nawe wameshakujua katika hayo manne mapema kuliko wewe mwenyewe. Muulize mwanakikundi yeyote, "Ukichelewesha marejesho, mwenyekiti wenu atafanya nini?" Akijibu papo hapo, mwenyekiti huyo ana mtindo, uwe mzuri au mbaya. Akijibu, "Inategemea siku hiyo kaamkaje," hapo hakuna mtindo.

Hilo ndilo ninalolisimamia katika ukurasa wote huu. Faida kubwa ya mtindo ni kwamba watu wanaweza kukutabiri. Mwanachama anayejua utamsikiliza kwanza atakupigia simu Alhamisi kueleza kwamba fedha haijatimia. Asiyejua utafanya nini atazima simu, na Jumamosi kiti chake kitakuwa kitupu.

2. Kiongozi huzaliwa au hujifunza?

Kuna cha kuzaliwa nacho na kuna cha kujifunza, na hiki cha pili ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Bibi Titi Mohamed alipoingia TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955 hakuwa na cheo cha siasa wala elimu ndefu. Alikuwa na uzoefu wa ngoma, maana alikuwa mwimbaji wa mbele wa kikundi cha Bomba, Dar es Salaam. Alijua kukusanya wanawake, na viongozi wa vikundi vingine vya ngoma aliwafahamu. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, alianza na hao viongozi wenzake, nao wakaja na watu wao.

Kwa hiyo kabla hujasema huna kipaji, tazama ni wapi umeshaongoza bila kuitwa kiongozi. Nani aligawa kazi jikoni kwenye shughuli ya mwisho ya ukoo? Nani alishika daftari la michango ya msiba, na kwa nini watu walimwamini? Namna ulivyofanya kule ndiyo mbegu ya mtindo wako hapa.

3. Mitindo ipo mingapi?

Mgawanyo unaotajwa zaidi ulitokana na utafiti wa Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, uliochapishwa Marekani mwaka 1939. Waliwachukua wavulana wa umri wa miaka 10 hivi waliokuwa kwenye klabu za kazi za mikono, wakawawekea watu wazima wanaoongoza kwa njia tatu: anayeamrisha kila hatua, anayeshirikisha, na anayewaachia wafanye wanavyotaka. Chini ya mwamrishaji kazi ilikwenda, ila akitoka chumbani inazorota. Chini ya mshirikishaji waliendelea hata asipokuwepo. Walioachiwa tu walifanya kazi kidogo, tena hafifu.

Tangu hapo wataalamu wameongeza majina mengi: kiongozi mtumishi, kiongozi wa mageuzi, kiongozi mlezi, kiongozi anayebadilika kulingana na uwezo wa aliye mbele yake. Usihangaike kuyakariri. Chukua swali moja la watafiti wale: ukitoka, kazi inaendelea?

4. Upi ni bora?

Jambo lenyewe ndilo linaloamua. Moto ukiwaka ghalani hakuna kupiga kura, anayejua mlango wa nyuma uko wapi anaamrisha na wengine wanakimbia. Kikundi kikitaka kununua mashine ya kusaga kwa fedha za wote, kuamrisha ni kujitafutia balaa, kwa sababu siku mashine ikiharibika itakuwa mashine yako. Na mhazini aliyefunga hesabu safi mizunguko mitatu ya kuweka na kugawana, mwache afanye kazi yake.

Mtu atauliza, mbona hapo juu nimesema kiongozi atabirike, na sasa nasema abadilike? Havigongani, mradi watu wajue lini utafanya nini. Anza kila jambo kwa kusema liko kundi gani: "Hili nimeshaamua, nawaarifu." "Hili nataka mawazo yenu, kisha nitaamua." "Hili tunaamua wote." Sentensi hizo tatu huondoa manung'uniko mengi. Watu huvumilia amri. Kinachowaudhi ni kuitwa kutoa maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa, na wengi wetu tumewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo.

## Kuugundua mtindo ulio nao

5. Nitajuaje mtindo nilio nao sasa?

Chukua daftari la kawaida na ugawe ukurasa safu tatu: lililotokea, nililofanya, nililotamani kufanya. Kila jioni ya siku uliyoongoza, andika jambo moja au mawili. Usiandike hisia ndefu, andika hivi: "Mhazini kaja bila daftari la hisa. Nimenyamaza. Nilitamani kumwambia." Siku nyingine: "Kijana wa zamu kauliza kuhusu likizo. Nimemjibu tutaangalia. Nilitamani kumwambia haiwezekani."

Baada ya mwezi soma kurasa zote kwa mkupuo. Utaona mambo yanayojirudia, na mara nyingi hayafanani na sifa unazojipa. Anayejiita mshirikishaji hukuta maamuzi mengi ameyafanya njiani, na mtu mmoja. Anayejiita mwenye msimamo hukuta "nimenyamaza" imeandikwa kila wiki. Safu ya tatu ndiyo ya kuangaliwa zaidi: umbali kati ya ulichofanya na ulichotamani unakuonyesha pa kuanzia (swali la 10).

6. Yale majaribio ya mtandaoni ya kujua wewe ni kiongozi wa aina gani yana faida?

Kidogo. Yanakupa maneno ya kujieleza, na kwa mtu ambaye hajawahi kujitafakari huo ni mwanzo. Tatizo ni kwamba anayejibu ni wewe, na unajibu jinsi unavyojiona. Fanya ukitaka, kisha mpe majibu mtu unayemwongoza uone kama anakutambua humo.

7. Nikiwauliza wenzangu maoni wananiambia, "Uko vizuri tu, mwenyekiti." Nitaupataje ukweli?

Hili ndilo swali ninaloliona kuwa zito kuliko yote hapa.

Kwanza, usiwalaumu. Mtu ambaye fomu yake ya mkopo inasubiri saini yako hawezi kukuambia usoni kwamba unakatiza watu wakiongea. Ongeza na malezi yetu: kumkosoa mkubwa ana kwa ana kunahesabika utovu wa adabu, na aliyepewa cheo huhesabiwa mkubwa hata akiwa mdogo kwa umri. Ukiuliza, "Mnanionaje?" umewaweka mahali ambapo jibu la heshima ni moja tu.

Basi usiulize juu yako, uliza juu ya tukio. "Kikao cha jana, ni wapi mlitamani nikae kimya?" "Mkitoka hapa mnazungumza nini njiani ambacho humu ndani hakikusemwa?" "Utaratibu wa kugawa zamu wiki hii, ungekuwa wewe ungeubadilisha wapi?" Mtu anaweza kuukosoa utaratibu bila kukuvunjia heshima, nawe utajua ni wako.

Waulize wasio na cha kupoteza: mwanachama aliyemaliza mkopo, mfanyakazi anayehama, aliyewahi kukalia kiti chako. Muulize kila mmoja kwa wakati wake, mkiwa mnafanya jambo jingine, mkitembea kwenda kituoni au mkipanga viti. Akianza kusema, usijitetee hata kama amekosea kwenye jambo lenyewe. Sema, "Asante, nimekusikia," kisha nyamaza. Neno moja la kujitetea linatosha kuufunga mdomo huo kwa mwaka mzima. Na ndani ya wiki hiyo badilisha kitu kimoja kidogo kati ya ulivyoambiwa, watu wakione. Mara ya pili hutahitaji kuuliza kwa nguvu.

Pia kuna ushahidi usiohitaji mtu aseme. Fungua kitabu cha mihutasari ya vikao vya miezi michache iliyopita uhesabu majina ya waliochangia. Kama ni yale yale manne, wengine wameshaelewa kwamba maneno yao hayabadilishi kitu. Angalia pia mambo mazito yanaletwa wapi. Yakiwa yanakuja kwenye mengineyo, watu wameshasimama na mikoba iko mkononi, ujue hawaamini kwamba ukiyaona kwenye ajenda utayaruhusu.

8. Mimi ni mpole na mkimya. Naweza kuongoza?

Unaweza. Eliud Kipchoge anazungumza kwa sauti ya chini, na kwenye kambi ya Kaptagat amekuwa akifanya usafi kwa zamu pamoja na wanariadha wenzake, vyoo vikiwamo. Hiyo ni kambi ya mtu aliyekimbia kilomita 42.2 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Kijana anayefika pale hahitaji kuhubiriwa kuhusu nidhamu.

Ila tenganisha ukimya na kukwepa. Mkimya anayeamua kwa wakati ni kiongozi mzuri. Mkimya anayeacha mambo yajiamue yenyewe anawaachia wenye sauti kubwa waongoze badala yake, na kikundi kinajua. Kama sauti yako haibebi ukumbi, tumia maandishi: weka uamuzi ubaoni au kwenye ujumbe mfupi jioni ile ile. Kwa sehemu ya kukemea, nenda swali la 11.

9. Najikuta namwiga bosi wangu wa zamani. Ni vibaya?

Wote huanza kwa kuiga. Hatari ni kuchukua kinachoonekana na kuacha kilichokishikilia. Ulimwona bosi wako akifoka na kazi ikaenda, lakini hukumwona akienda hospitali usiku kumtazama mfanyakazi wake, wala hukujua kwamba hakuna aliyewahi kucheleweshewa mshahara chini yake. Ukifoka bila hayo mengine, utabaki mfokaji.

Andika majina ya viongozi watatu waliokuongoza vizuri na, kwa kila mmoja, kitendo kimoja ulichokiona kwa macho yako. Kitendo, si sifa. "Alikuwa mwadilifu" haikusaidii. "Alirudisha chenji ya safari mbele yetu na kudai stakabadhi" unaweza kuifanya kesho.

## Kuukuza

10. Nianze kubadilisha nini?

Kitu kimoja tu, kutoka kwenye safu ya tatu ya daftari lako (swali la 5), na ukitangaze. Mfano: "Kuanzia leo, atakayechelewa marejesho nitazungumza naye mwenyewe kabla ya kikao, na kikaoni itasomwa faini tu kama ilivyo kwenye katiba." Ukitangaza, unawapa watu kamba ya kukushika. Ukikaa kimya na kubadilika, watadhani una jambo, au umegombana nyumbani.

11. Nitamkemeaje mtu bila kumdhalilisha na bila kuonekana dhaifu?

Kwa faragha, mapema, na kwa jambo moja. Chukua mhazini yule asiyeleta daftari. Mwite kando kabla watu hawajakaa:

"Dada, leo ni mara ya pili daftari la hisa halijafika. Watu wamelipa na hakuna palipoandikwa. Kuna nini?"

Halafu subiri. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu ukimya unauma, nao wanaujaza kwa maneno makali au kwa kumtafutia mtu kisingizio. Mwache ajibu. Huenda daftari liko kwa mumewe safarini, huenda hajui kujumlisha safu ya faini na anaona aibu. Mambo hayo mawili yanataka hatua tofauti kabisa. Mkishaelewana, sema litakalofuata: "Sawa. Jumamosi ijayo likikosekana, itabidi msaidizi wako alishike mpaka mwisho wa mzunguko." Na Jumamosi likikosekana, fanya hivyo hivyo, kwa sauti ile ile.

Kukemea hadharani kuna mahali pake pamoja: pale kosa lenyewe limefanyika hadharani na limemuumiza mtu, kama kumtukana mwenzake kikaoni. Hapo ukinyamaza hadi baadaye, aliyetukanwa atahesabu umekubali.

12. Nikigawa kazi zinaharibika, nikifanya mwenyewe nachoka. Nifanyeje?

Angalia kwanza unagawa nini. Wengi hugawa jasho na kubaki na uamuzi: "Nenda kanunue viti, lakini nipigie kabla hujalipa, na rangi nitachagua mimi." Huyo umemtuma tu, hujamkabidhi kitu.

Wangari Maathai alipoanza kupanda miti na wanawake wa vijijini nchini Kenya mwaka 1977, kazi ambayo baadaye ilijulikana kama Green Belt Movement, walitumia ujuzi wao wa wakulima na vyombo walivyokuwa navyo, hata makopo na vyungu vilivyovunjika. Malipo madogo yalitolewa kwa kila mche uliopona. Naipenda sana sehemu hiyo. Kilichopimwa ni mche kuwa hai, na namna ya kuuotesha ikaachiwa mikono iliyoujua udongo. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kwa hiyo ukikabidhi kazi, taja matokeo, taja mpaka wa fedha na siku ya mwisho, kisha taja lini mtaonana katikati. Mengine mwachie. Itatoka tofauti na ambavyo ungefanya wewe, na mara kadhaa itatoka pungufu. Upungufu wa mara ya kwanza ni ada ya kumfundisha mtu, uilipe.

Fedha ni jambo la pekee. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, na mwenyekiti mwenye busara hatafuti njia ya kushika ufunguo wa pili hata akiaminiwa vipi.

13. Vikao vyangu ni virefu na havina matokeo.

Ongea mwisho. Mwenyekiti akitoa maoni yake mwanzo, mjadala umekwisha, yanayofuata ni kuunga mkono. Mpe nafasi kwanza aliye mgeni au mdogo, maana wakubwa wakishasema yeye hatasema tena. Funga kila ajenda kwa maneno matatu yanayoingia kwenye muhtasari: nini, nani, lini. Kama lolote kati ya hayo halipo, mmezungumza tu. Na anza saa iliyotangazwa hata mkiwa sita, waliofika mapema wasiadhibiwe kwa ajili ya waliochelewa.

14. Inachukua muda gani?

Kwa kikundi, hesabu mzunguko mmoja mzima, yaani kama mwaka, hadi siku ya kugawana hisa. Kwa timu ya kazini karibu hivyo hivyo. Watu wanahitaji kukuona kwenye raha, kwenye hasara na kwenye ugomvi kabla hawajakubali kwamba ndivyo ulivyo.

15. Walio chini yangu wakikosea, lawama ni ya nani?

Ndani, ya aliyekosea. Nje, yako. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi kufuatia vifo vya watu waliokuwa wameshikiliwa na vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Hakutenda yeye, ila wizara ilikuwa yake. Mwaka 1985 akawa Rais wa Tanzania.

Ya kwako yatakuwa madogo zaidi, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Mteja akilalamika, sema "tumekosea" mbele yake, kisha rudi ndani ukamalizane na mhusika kama ilivyo kwenye swali la 11. Timu ikikuona ukimtupa mwenzao mbele ya mteja, kila mmoja ataanza kukuficha makosa yake, na makosa yaliyofichwa ndiyo yanayoangusha kazi.

## Hali ngumu

16. Nawaongoza watu walionizidi umri. Nianzie wapi?

Anzia kwenye shikamoo, na usiiache kwa sababu ya cheo. Cheo kinakupa haki ya kuendesha kikao, hakikuondolei wajibu wa kumsalimu mzee. Kisha zoea kupita kwa wazee kabla ya kikao: "Mzee, leo tuna jambo la kupandisha thamani ya hisa. Wewe unalionaje?" Mzee aliyeulizwa faraghani mara nyingi atakuunga mkono hadharani. Anayelisikia kwa mara ya kwanza mbele ya wote atalipinga, wakati mwingine kwa sababu hiyo tu.

Akikosea, usimkabili wewe mbele za watu. Mtumie mzee mwenzake, au nenda kwake nyumbani. Lakini faini yake ni ile ile ya kila mtu. Ukimsamehe kwa ajili ya mvi, vijana wote wanajua kesho katiba haipo. Mwambie kwa lugha ya heshima: "Mzee wangu, naomba utusaidie, ukilipa wewe kwanza hakuna kijana atakayebisha."

17. Jana walikuwa wenzangu, leo mimi ndiye msimamizi wao. Utani umekuwa mgumu.

Kaa na wale wa karibu zaidi, mmoja mmoja, wiki ya kwanza. Waambie litakaloendelea (chai, utani, kutembeleana) na litakalobadilika (habari za mishahara na za wenzao hutazizungumza tena kijiweni). Kuna rafiki utakayempoza kidogo, na inauma. Usijaribu kumlipa fidia kwa zamu nzuri.

18. Ndugu yangu yumo kikundini na anaomba mkopo.

Toka kwenye kiti. Mwachie makamu aendeshe ajenda hiyo, toka nje ikibidi, na ihakikishwe kwamba muhtasari unaonyesha hukuwepo. Ukishamaliza, usiulize nani alisema nini. Shemeji akinuna, mwambie ukweli: akikopeshwa kwa mkono wako, siku akichelewa watakaodhalilika ni wawili.

19. Mimi ni mwanamke. Nikiwa mkali nina gubu, nikiwa mpole siwezi kazi.

Ni dhuluma, na haiondoki kwa wewe kurekebisha sauti. Nasema hivyo kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kwa wanawake viongozi unaishia kwenye namna ya kuvaa na kutabasamu.

Linalosaidia zaidi ni kuegemea kwenye vitu visivyo na jinsia: katiba, tarakimu, muhtasari. "Kifungu hiki kinasema hivi, hesabu yetu iko hivi, kwa hiyo tunaendelea hivi." Tafuta pia mjumbe mmoja au wawili, wanaume wakiwamo, mkubaliane mapema kwamba hoja yako ikirudiwa na mwingine kama yake, watasema waziwazi, "Hilo mwenyekiti alishalisema." Na chagua mtindo wako kwa swali la 5, kama mtu mwingine yeyote. Ukichagua kwa kuogopa jina utakaloitwa, utaitwa jina jingine.

20. Timu yangu inaishi kwenye WhatsApp.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa taarifa, picha za kazi na pongezi. Halifai kwa kukemea, kwa sababu kosa linabaki pale likisomwa upya kila siku. Uamuzi usiutoe kwa ujumbe wa sauti wa dakika tano, uandike mistari mitatu. Weka saa ambayo baada ya hapo hudai jibu, na uiheshimu wewe kwanza. Usihesabu tiki za buluu kama makubaliano: mtu amesoma, hajakubali.

21. Nataka kushirikisha, lakini bosi wangu anataka amri.

Juu yako mpe anachokihitaji, ambacho kwa kawaida ni uhakika: tarehe, jina la mwenye kazi, taarifa kabla hajaiuliza. Bosi anayepata hivyo hapati sababu ya kushuka hadi kwa watu wako. Chini yako endesha unavyoamini. Isipokuwa kama amri yenyewe ni ya kuwadhulumu watu, hapo huna budi kumwambia, kwa faragha na kwa maandishi.

22. Nimekuwa mkali kwa miaka. Nikibadilika ghafla si wataona naigiza?

Wataona hivyo, na mwanzoni watakujaribu. Atatokea mtu achelewe makusudi aone utafanya nini. Waambie mapema lipi linabadilika na lipi halibadiliki: "Sitafoka tena. Faini iko pale pale." Kisha pokea jaribio la kwanza bila kufoka na ukatoze faini. Mengine yako kwenye swali la 14.

23. Nitajuaje muda wangu umefika wa kuachia?

Mwalimu Nyerere aliachia mara mbili. Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akajenge chama. Mwaka 1985 akang'atuka urais. Mara ya kwanza kulikuwa na kazi nyingine iliyomhitaji zaidi. Mara ya pili alikuwa ameongoza muda mrefu na alitaka nchi izoee kubadilisha viongozi. Sababu hizo zinakufaa hata kwenye kikundi cha watu 25. Kuna na ya tatu: ukiona hakuna tena anayekubishia, na si kwa sababu umekuwa sahihi kila siku.

Ukiamua, tangaza mzunguko mmoja kabla. Mwache makamu aendeshe vikao viwili vitatu ukiwa umekaa na wanachama wengine. Siku ya makabidhiano hesabuni fedha mbele ya wote, kabidhi katiba, kitabu cha mihutasari, orodha ya mikopo iliyo nje na majina ya wanaodaiwa, mwandike na kusaini. Mwenyekiti mpya akibadilisha utaratibu wako mwezi wa kwanza, mwache. Akikuuliza, mjibu alichouliza.